Kuku wa Ukuta wa Saluni

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata njia ya kutoka kimaisha! Mama mkwe anafungua saluni, na ukuta unaotazamana na vioo ni mtupu. Anataka mchoro. Shemeji yangu Brashi, mchoraji mabango, ameshajipa kazi hiyo, kana kwamba kuzaliwa na mama huyo ni cheti. Nikasema hata mimi naweza, tena kwa kompyuta. Wakacheka. Mama akaamua: atakayemfurahisha kufikia Jumapili, ukuta ni wake. Nikishindwa, nikambebee Brashi ndoo za rangi mpaka nipate kazi ya maana. Mke wangu akaitikia amina, tena haraka mno.

Jumanne, 4 Machi
Nimechukua kompyuta ya mke wangu na kitabu cha programu cha wanaoanza kabisa. Unaandika chora duara, linatokea duara. Unaandika rangi nyekundu, linakuwa jekundu. Kumbe miaka yote hii Brashi anapanda ngazi bure! Sura ya pili inaitwa Kuhifadhi Kazi Yako. Nimeiruka. Mambo ya waoga. Nimekwenda moja kwa moja kwenye Bahati Nasibu: unaiachia kompyuta itawanye maduara popote ipendapo. Kila ukibonyeza Anza, unatoka mchoro mpya na ule wa kwanza unafutika. Yaani wewe umekaa tu, mchoro unajichora. Kazi niliyoumbiwa!

Jumatano, 5 Machi
Brashi amepita, ameona mchoro wangu, akauliza ni nani mwenye surua. Nikamwambia hii ni sanaa ya kisasa. Akasema hata surua ya kisasa inawasha. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Imeniuma sana. Lakini mcheka kilema hafi bila kumfika.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu mkubwa! Nimemwonyesha Mama. Nikabonyeza, surua. Nikabonyeza, surua. Jasho likaanza kunitoka. Nikabonyeza tena... kuku! Kuku mzima wa maduara, kifua mbele, kishungi chekundu kimelalia kushoto, ameatamia mayai. Wala sikumkusudia! Mama akashika kifua. Akasema ndiye yule kuku wake wa ujana, ambaye kwa mayai yake alinunua mashine ya kwanza ya kukausha nywele. Machozi yakamtiririka. Ukuta nimepewa papo hapo! Brashi akasogea kumtazama kuku kwa karibu, kama kamwagiwa maji. Mke wangu akanitazama kama enzi za uchumba, akauliza kama nimemhifadhi. Nikamjibu msanii hahifadhi, huumba. Nikabonyeza tena, nione kama atatoka mzuri zaidi.

Surua.

Ijumaa, 7 Machi
Nabonyeza. Kiatu. Nabonyeza. Surua. Kichwa cha Brashi, na kwa kweli kilifanana, nikakifuta kwa raha zangu. Kuku hayupo. Mke wangu anasema nimwambie Mama ukweli. Ukweli! Tunalala nyumba ya nani? Jioni likatokea birika. Nikampelekea Mama, nikamwambia ni kuku yuleyule, amegeuka tu. Akatazama weee! Akauliza mbona ana mshikio. Nikasema huo mkia. Akauliza, sasa hapo anatagia wapi? Niliaga kwa adabu.

Jumamosi, 8 Machi
Siri imefichuka: Mama amejua kuku amefutika. Brashi amemwambia Mama kwamba naye alimwona kuku, anaweza kumchora kwa kumbukumbu. Ameanza na chaki. Mama akasema hapana, yule wake alikuwa na maringo shingoni, huyu ana mawazo. Amenipa mpaka kesho adhuhuri. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya ukuta kama anayemngoja mgeni. Nilimhurumia, jamani. Halafu nikaiona ndoo yangu, nikajihurumia zaidi. Brashi ameshaiandika jina langu, kwa rangi mbili na kivuli.

Jumapili, 9 Machi
Wote saluni. Mama kitini, Brashi anakoroga rangi, mke wangu nyuma yangu. Yeye ameisoma sura ya pili. Akaniapisha: kuku akitokea tu, nisiguse kitu, nimwachie yeye amhifadhi. Nikaapa kwa mikono miwili. Surua. Birika. Surua. Adhuhuri inabisha hodi. Kisha... kuku! Yuleyule! Kishungi kushoto, maringo shingoni, mayai yote! Mama akaruka kitini akimwita kuku kama anamtupia mtama. Brashi akadondosha brashi. Mke wangu akanyoosha mkono. Nami nikamtazama kuku vizuri, nikaona jicho lake dogo kidogo. Ukuta mkubwa vile, jicho dogo vile! Watu watanicheka. Nikabonyeza mara moja tu.

Jumatatu, 10 Machi
Ndoo ikijaa ni nzito. Brashi amemaliza kuku wake. Safari hii, jana kabla sijabonyeza, aliiangalia sana ile shingo, na Mama amelia kuliko Alhamisi. Mke wangu anazungumza nami kupitia kwa Brashi, na Brashi anapunguza maneno. Sawa. Mvumilivu hula mbivu. Wakati wa mapumziko nimewasha kompyuta kidogo, na huwezi kuamini: kifaranga! Kifaranga safi, wa kukaa mlangoni pa saluni, mtoto wa yule kuku kabisa! Mama akimwona tu, nimesamehewa yote. Nimwite sasa hivi.

Au ngoja kwanza nibonyeze, labda watatoka wawili.