Mbuzi Wa Watu Kaingia Kwenye Blogu Yangu

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa. Wale mlionitumia pole tangu mchana, subirini kwanza. Someni mpaka mwisho.

Kwa wageni: mimi ni muuza duka. Nauza misumari, saruji na mabati hapa Mwembesongo, mjini Morogoro. Duka si langu, ni la bosi. Cha kwangu ni hii blogu tu. (Na mchumba, ila huyo leo nusura nimpoteze. Tutafika.)

Tangu niianze, sijatulia. Nikipima misumari nawaza maoni. Nikila nawaza maoni. Kafe ya intaneti iko ng'ambo ya barabara, mkabala na duka, na huo ndio msiba wenyewe. Mteja akitoka tu, nami natoka. Navuka, nafungua, natazama kama kuna aliyesema neno. Hakuna. Narudi dukani. Kidogo tu, navuka tena! Wiki nzima nimekuwa navuka kwa ajili ya makala yangu ya "Ubinafsishaji na Hatima ya Mnyonge, Sehemu ya Nne". Ilipata maoni ya mtu mmoja. (Niliyaandika mimi.)

Basi leo mchana nikasema potelea mbali, naandika Sehemu ya Tano. Nikalipia, nikakaa, nikafungua ukurasa mpya, mweupe, mtupu. Nikatafuta sentensi ya kwanza. Simu ikaita. Bosi.

"Uko wapi? Lori la saruji limefika!"

Nikaruka. "Zuhura, narudi sasa hivi!" nikamwambia dada anayesimamia kafe. Yeye alikuwa amezingirwa na wanafunzi waliokuja kutazama matokeo, sijui hata kama alinisikia. Sikufunga ukurasa. Sikujitoa. Mlangoni nikapishana na mzee mmoja mwenye koti la zamani lililopigwa pasi vizuri na kikapu kinachonukia mdalasini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hapa ndipo wanapotuma barua za kompyuta?"

"Ndipo hapa mzee, karibu sana."

Nikamshikia na mlango. (Adabu nzuri hizi, mama yangu angeniona!)

Tukashusha saruji. Mifuko ilikuwa ya moto kama mikate. Nikiwa mweupe kuanzia nywele mpaka kope, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mwanablogu mwenzetu wa Mwanza, ninyi mnamjua:

"Pole sana kaka. Kamrudie shemeji, mwombe radhi. Mbuzi si kitu."

Mbuzi? Nikadhani amekosea namba. Ukaingia wa pili, kutoka kwa yule dada wa Arusha anayeandika mambo ya mapishi: "Nimelia. Sikujua unapitia hayo. Jaribu kukalia mto."

Kukalia mto?

Wa tatu ulisema: "Wanaume tunaumwa kimyakimya. Umekuwa shujaa."

Nikautupa mfuko wa saruji, nikavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia.

Kafe ilijaa. Kwenye mashine yangu alikaa mwanafunzi. Nikamwomba, akaniona nilivyo mweupe, akanipisha upesi kama aliyetokewa na jini. Nikafungua blogu. Mnajua intaneti yetu ya hapa: ukurasa unashuka mstari kwa mstari kama mtu anayeteremka mlimani na mzigo wa ndizi kichwani. Kwanza kikaja kichwa cha habari, nacho kilikuwa anuani ya barua pepe ya mtu nisiyemfahamu. Kisha haya, ambayo wengi wenu mmeshayasoma:

"Mdogo wangu, natumaini hujambo. Mimi sijambo ya machoni tu. Shemeji yako amerudi kwao tangu nilipomuuza yule mbuzi wake bila kumuuliza. Nyumba imepoa. Napika mwenyewe, na ninachopika hata paka anakitazama kwanza. Halafu ile bawasiri imerudi, hapa naandika nimekaa upande mmoja. Nipe mawazo, maana hapa kijijini nikimuuliza mmoja watajua wote. Ni mimi kaka yako."

Chini yake, jina langu. Na picha yangu! Ile ya tai!

"Zuhura!" nikaita. "Nani alikaa hapa?"

"Yule mzee," akasema, macho kwa wanafunzi wake. "Nilikuta ukurasa uko wazi, nikamkalisha. Alikuwa karani wa shamba la mkonge zamani, anapiga chapa huyo, usiseme! Akaniuliza anuani inaandikwa wapi, nikamwambia juu. Akaniuliza inatumwaje, nikamwambia bonyeza hapo penye rangi ya chungwa. Kwani vipi?"

Nikashuka kwenye maoni. Ndugu zangu, nimeandika mwaka mzima habari za ubinafsishaji, sijawahi kuona maoni namna ile. Yalikuwa yanateremka tu, hayaishi! Muuguzi Mtanzania aliyeko Norwe ameandika dawa kwa kirefu: beseni la maji ya uvuguvugu, mapapai kwa wingi, pilipili marufuku. Mwingine kasema mbuzi wa mke hauzwi, hata kwao ni mwiko. Wawili wamegombana humo humo kama mume apeleke mbuzi mpya au apeleke wazee. Na mmoja, sitamtaja, ameandika: "Leo kwa mara ya kwanza nimekusoma mpaka mwisho."

(Ahsante. Nimekusikia.)

Nikasema nifute. Nikapeleka mshale kwenye neno lenyewe, kidole kiko juu ya kitufe. Umeme ukakatika. Mgao!

Zuhura akatoka nje kuwasha jenereta. Linakaa dirishani pale, na likiwaka unaweza kumpigia mtu kelele sikioni asikusikie. Mashine zikaanza kuamka taratibu. Miguu yangu haikukaa mahali pamoja. Nakaa, nasimama, nakaa. Simu ikaita. Yusufu, kaka yake mchumba wangu Rehema, yuko Dar anafanya kazi ofisini kwenye intaneti ya bure. Msomaji wangu mwaminifu. (Bahati mbaya.)

"Shem!" alifoka. "Kumbe una mke?"

"Sina!"

"Sikusikii!"

"Nasema si mimi!"

"Si wewe nini? Picha yako hii hapa! Jumapili washenga wako wanakuja kwetu kuleta posa, kumbe una mke amekukimbia? Nimeshampigia baba. Na huo ugonjwa mbona hukusema?"

"Yusufu, nisikilize!"

"Ongea kwa nguvu!"

Nikaziba sikio moja. Nikavuta pumzi mpaka tumboni. Nikapaza sauti kama mwadhini aliyenyang'anywa kipaza sauti:

"SINA MKE! SINA MBUZI! NA SINA BAWASIRI!"

Katikati ya sentensi hiyo jenereta lilizima.

Mafuta yaliisha. Kwa hiyo "mke" lilimezwa na kelele, "mbuzi" likasikika nusu, na "bawasiri" likatoka peke yake, safi kabisa, likavuka barabara, nadhani likagonga Uluguru likarudi. Kafe nzima ilinigeukia. Wapakuzi wa saruji ng'ambo walisimama na mifuko mabegani. Na mlangoni, kofia mkononi, alisimama baba yake Rehema. Alikuwa ametoka kuniulizia dukani, wakamwelekeza huku.

Nikasema, "Shikamoo baba."

Hakuitikia.

Hivi mnajua inavyokuwa mkwe asipoitikia shikamoo? Masikio yalipiga kelele kuliko lile jenereta. Nilimwona Rehema anaolewa na mtu mwingine, nami nimealikwa kupanga viti.

Ndipo kwenye benchi la pembeni akainuka mtu. Yule mzee. Muda wote alikuwa amekaa pale (upande mmoja) na kikapu chake, anasubiri jibu la mdogo wake. Akalinyoosha koti.

"Mwenye mke ni mimi," akasema kwa ile lafudhi ya milimani. "Mbuzi nimeuza mimi. Na hayo mengine pia ni yangu. Huyu kijana alinifungulia mlango tu."

Hakuna aliyecheka. Hata wanafunzi! Ningekuwa mimi ningejificha chini ya meza, lakini yeye alisimama kama anayesoma risala.

Zuhura akaelewa, akashika kichwa. Tukamweleza mzee kwamba barua haikwenda kwa mdogo wake, imekwenda kwa kila mtu. Akauliza:

"Kila mtu wa wapi?"

"Wa dunia, mzee."

"Kuna wa kijijini kwetu Kinole?"

"Sidhani."

"Basi afadhali. Wamejibu?"

Mafuta yakaletwa, mashine zikaamka, nikamsomea maoni yote, baba Rehema amesimama nyuma yetu kama mkaguzi. Mzee alisikiliza amefumba macho. Penye mabishano ya mbuzi na wazee alinirudisha nyuma nisome tena. Mwisho akasema, "Nitampeleka mbuzi mwenyewe, bila wazee. Nilimuuza peke yangu." Akanikataza kufuta. Anataka mdogo wake naye ayaone. Tukamtumia kiungo kwa ile anuani, safari hii mahali pake. Akanipa mdalasini, akapanda zake Kinole.

Nikabaki na mkwe wangu. Akanishika bega, akanitoa nje mpaka nyuma ya lile jenereta. Nikajua ndiyo hukumu. (Yusufu, shemeji yangu, aya inayofuata iruke.)

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akasema kwa sauti ya chini, "Yule muuguzi wa Norwe. Maji yawe ya moto kiasi gani?"

"Ya uvuguvugu, baba."

"Hm. Kuna rafiki yangu mmoja pale msikitini, anasumbuka sana." Akavaa kofia. "Jumapili msichelewe. Na marahaba."

Basi ndiyo hivyo. Nimejifunza kwamba ukitoka kwenye kompyuta ya watu unajitoa kabisa, hata kama lori linateketea. Sehemu ya Tano ya Ubinafsishaji nimeiahirisha, maana hamkuiulizia hata mmoja. Na atakayecheka nitamwondoa kwenye orodha ya blogu rafiki hapo pembeni. Nimeshawaona mnacheka.