Mirija ya Wima na Posa ya Karani

Jumatatu, 9 Juni 2025
Leo kwenye baraza ya kahawa ya Mzee Sadallah, hapa Kibiti, yameamuliwa mambo ya Uchina. Mzee ndiye baba yake Hafsa, binti ninayetaka kumwoa. Ametangaza kwamba nyambizi isiyotumia nyuklia haiwezi kubeba makombora katika mirija iliyosimama wima. Ni ndogo mno. Itarushia mbele tu, kwenye matundu ya topido. Badru, anayewauzia barafu wavuvi wa kambamiti kule delta, akambishia. Wachina walishaunda moja ya majaribio, mirija imesimama ndani ya mnara wake. Nyambizi zao za karibuni, wataalamu bado wanazikisia kwa picha.

Badru yuko sahihi. Nimeyasoma yote ofisini, mlango nimeufunga.

Mzee akanigeukia: wewe karani uliyesoma, unasemaje? Nikasema uko sahihi kabisa, mzee. Badru akasema hata nikiambiwa pweza ana mifupa nitauliza mingapi tu. Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Dalili njema. Jumamosi mshenga wangu anakwenda kuniposea Hafsa.

Jumanne, 10 Juni
Usingizi haukuja. Je, Mzee akiusikia ukweli redioni? Ataniona mnafiki. Lazima kosa lake lithibitishwe kuwa kweli kabla ya Jumamosi.

Mpango: mtumbwi mdogo. Vipande vya bomba la plastiki visimamishwe katikati, vijazwe mchanga. Utapinduka mbele ya watu wote, Mzee atashinda, mimi nitakuwa mkwe. Mtoni hapana. Kule Ndundu mto una mamba. Kuna dimbwi kubwa la mvua kule Mtawanya, maji ya kiunoni. Hata hayo nimeuliza mara mbili kama yana mamba.

Alhamisi, 12 Juni
Baraza zima lilikuja. Mtumbwi haukupinduka. Sijapata kuona mtumbwi uliotulia namna ile. Mchanga umeukalia chini kama bibi harusi. Nikapanda kuusaidia. Nikautikisa kushoto, kwa siri. Nikautikisa kulia. Nikaanguka mimi.

Hafsa alikuwa akifua ng'ambo ya pili. Akasema: Karani, nyambizi imebaki juu, aliyezama ni wewe. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema nami. Nimefurahi kiasi.

Mzee akakiri kwamba alikosea. Kumbe chombo kidogo kinabeba. Nikasema, maji yakinitoka puani, kwamba ndivyo nilivyosema siku zote. Badru, aliyekuwa akinivuta kwa mkono, akauachia. Nikazama tena.

Jumamosi, 14 Juni
Mjomba Mwinyimvua ndiye mshenga. Nilimwagiza jambo moja tu: lolote atakalosema Mzee, akubali. Asibishe hata kidogo.

Amerudi mapema mno. Anasimulia kwamba Mzee alianza kwa unyenyekevu, kama wafanyavyo wazazi wote wanapoletewa posa. Alisema bintiye bado mtoto, hata kupika hajui. Kila mshenga duniani anajua jibu lake: la hasha, sifa zake zimetufikia. Mjomba akajibu: kweli kabisa, mzee.

Mzee akakohoa. Akasema na uvivu kidogo anao. Mjomba akasema hilo nalo tumelisikia. Nyuma ya pazia sufuria ikaanguka. Mzee akasema basi huenda hamfai huyo karani wenu. Mjomba akaafiki, akavaa viatu, akaaga.

Sasa anangoja nimpongeze. Hakubisha hata neno.

Jumatatu, 16 Juni
Posa ya Badru imekubaliwa. Mshenga wake aligombana na Mzee saa nzima juu ya upishi wa Hafsa, wakaachana wakikumbatiana.

Leo kwenye kahawa Mzee alinieleza mwenyewe, kwa upole. Mwanangu, akasema, mimi ni mkaidi, na nyumbani kwangu anayethubutu kuniambia nimekosea ni Hafsa peke yake. Akiolewa na mtu wa kusema ndiyo mzee tu, siku nitakayokosea kweli nani atanizuia? Kisha akaniuliza mbele ya watu wote: je, nimekosea kukukataa?

Hata Badru aliacha kunywa, akawa ananikazia macho, kama ananisihi niseme. Nilijua kabisa kwamba maisha yangu yanategemea jibu hili. Nikafikiri kwa makini.

Nikasema uko sahihi kabisa, mzee.

Akatikisa kichwa taratibu. Nadhani nimempendeza. Ana binti mwingine, Rukaya. Mjomba nimeshamwagiza vilevile.