Kigeuzi cha Miguu Minne

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Sijawahi kumwambia mtu: sisikii tofauti kati ya sauti nzuri na sauti mbaya. Kwangu zote ni sauti. Ninachopenda ni njia zinayopitia. Simu huhifadhi wimbo kama tarakimu. Kibao kidogo kiitwacho kigeuzi huzigeuza tarakimu kuwa umeme unaochezacheza. Saketi yangu, niliyoiunga mwenyewe ndani ya kopo la siagi, huupokea umeme huo, huutia nguvu na kuupeleka kwenye amplifaya. Ajabu tupu!

Leo Mwalimu Rogathe wa fizikia katangaza kwamba atakayesimamia vizuri muziki wa mahafali ya kidato cha nne, Jumamosi, atakabidhiwa ufunguo wa stoo ya maabara. Mle kuna osiloskopu, mashine inayoonyesha mawimbi ya sauti kwenye kioo. Haijawahi kutolewa kwenye boksi. Nilinyoosha mkono. Gidamis naye. Mkono wake ni mrefu zaidi.

Jumatano, 24 Septemba

Ushindi! Majaribio yamefanyika mbele ya darasa. Gidamis alileta spika ya kaka yake yenye taa za rangi. Ikazima katikati ya wimbo. Saketi yangu, pamoja na kigeuzi nilichong'oa kwenye deki mbovu, ilifika mwisho. Mwalimu kanichagua.

Gidamis akasema, darasa zima likisikia, “Elieshi, wewe hata salamu unaitikia kwa kichwa. Utasimamaje mbele ya wazazi?”

Nikaitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 25 Septemba

Kila kitu kinafanya kazi. Kwa hiyo nimeamua kubadilisha kigeuzi.

Fundi Konstantini wa karibu na soko kanipa kingine. Mtandaoni wanakisifu sana. Ubora wake siwezi kuusikia, lakini kuuamini naweza.

Tatizo: kigeuzi cha zamani kilikuwa na miguu miwili ya kutolea sauti, mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia. Hiki kina minne! Nimesoma mpaka ugali ukapoa. Kumbe kila upande una miguu miwili inayopingana. Umeme ukipanda kwenye mmoja, unashuka kwenye mwenzake, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Saketi inayofaa hupokea yote minne. Yangu ina nafasi ya waya mbili tu.

Nikachukua mguu wa kwanza wa kushoto na mguu wa mwisho wa kulia. Mmoja ni wa kupanda, mwingine ni wa kushuka, lakini waya zimefika bila kupishana. Nadhifu mno.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimejaribu kwa earphone. Sauti ipo. Nikampa Mama asikilize wimbo wa kwaya. Akasema ni kama wanaimba nyuma ya kisogo chake, akauliza kama nimewapa kuku maji.

Nyuma ya kisogo! Basi sauti imekuwa pana. Kigeuzi bora kweli.

Jumamosi, 27 Septemba

Balaa.

Kwaya ya shule huimba kwa pleibeki. Wimbo walishaurekodi studio. Siku ya sherehe wanacheza hatua na kufungua midomo. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Ukumbi nao una spika moja tu, kwa hiyo kushoto na kulia vinachanganywa pamoja.

Nikabonyeza. Gitaa likatoka. Kinanda kikatoka. Sauti za watu hazikutoka.

Kwaya nzima ikafungua midomo, ikafumba, ikafungua. Mgeni rasmi akainamisha sikio. Mzazi mmoja kutoka Singe akauliza kama watoto wamepewa ubani wa kutafuna.

Mimi nikaelewa papo hapo, na aibu yote ikanitoka. Waimbaji walirekodiwa katikati, sawasawa kushoto na kulia! Upande mmoja nimeutoa wima, mwingine kichwa chini. Vikichanganywa, vinafutana. Sifuri! Gitaa liko kushoto, kinanda kulia, ndiyo maana vimepona. Nilikuwa natafuta kalamu wakati Gidamis ananivuta shati kwamba nizime.

Ndipo Domina, kiongozi wa kwaya, akaanza kuimba kwa koo lake mwenyewe. Wenzake wakamfuata, kila mmoja na ufunguo wake wa muziki. Akina mama wakainuka na vigelegele.

Mwalimu Rogathe kamkabidhi Domina ufunguo. Kasema aliyeuokoa muziki ndiye aliyeusimamia. Siwezi kubisha. Nilikuwa nakunja waya Domina aliponifuata, akataka kujua sauti zao zilikwenda wapi. Nikamweleza. Nadhani sijawahi kuongea hivyo tangu nianze sekondari. Nilichora hata bembea kwenye vumbi.

Alisikiliza mpaka mwisho. “Jumatatu njoo maabara, tuyaone hayo mawimbi,” akasema. “Lakini wewe hutagusa kitu.”

Jumapili, 28 Septemba

Nimetafakari wakati wa mahubiri. Saketi yangu haina kosa. Domina hana kosa. Kosa ni la kile kigeuzi: miguu minne ni mingi kupita kiasi. Kinachotakiwa ni kigeuzi kingine.

Mama na Baba wamekwenda Mutuka kumwona shangazi Evangelina. Watarudi kabla ya saa kumi, maana Baba ana mechi ya kuangalia. Nilifunga mlango, nikachukua bisibisi, nikafungua king'amuzi cha sebuleni.