Dawa ya Baba, Tumbo Langu

Jumatatu, 3 Machi
Leo Baba kanikaribisha sebuleni kwangu mwenyewe, akaniuliza kama nimetoka mbali. Hanijui tena. Roho inaniuma mno. Dada kapiga simu: anakuja Ijumaa, na Baba asiponitambua anamchukua kwake, maana mimi eti nimeshindwa. Nimeshindwa? Mimi? Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umepatikana! Redio imesema bakteria wa tumboni wanawasiliana na ubongo. Sikujua kama wana la kusema. Mama wa duka la mitishamba ya Kichina kanifungia mizizi, magome na vitu kama masikio yaliyokaushwa. Akanionya kwamba hii ni ya kutuliza tumbo tu, kumbukumbu haahidi, na kwamba nusu kikombe inatosha. Nikamwambia tumbo ndiyo njia yenyewe. Akarudia: nusu kikombe.

Jumatano, 5 Machi
Nimechemsha mpaka jirani kauliza kama nyumba inaungua. Nikachanganya na maziwa mgando, bakteria wapate wenzao. Nikampa Baba kikombe, akanisogezea kwa adabu: mgeni kwanza. Nikanywa. Nikajaza tena. Akasema mgeni aongeze, asione haya. Sufuria imekwisha, yeye hajaonja hata tone. Mchana kutwa niko chooni.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda zahanati nimeshika tumbo. Daktari kasema kweli tumbo na ubongo vina uhusiano, ila utafiti mwingi bado ni wa panya. Sasa sielewi. Panya anasahau nini? Kasema pia nisimpe Baba kitu bila kumwuliza yeye daktari kwanza. Lakini sijampa, yeye ndiye anayenipa! Nikachemsha nyingine. Baba akaniletea mwenyewe kwenye kochi, akanifunika shuka, akakaa kando yangu. Ningekataaje? Nikanywa.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kaja na begi tupu la kutilia nguo za Baba. Akamwuliza huyu aliyelala kwenye kochi ni nani. Baba akajibu hamjui, lakini ni kijana mpole, anaumwa, hana mtu wa kumwangalia, kwa hiyo yeye haendi popote. Dada akalia. Na mimi nikalia, kisha nikakimbilia chooni. Dada kaondoka na begi lake tupu.

Basi dawa inafanya kazi. Kivipi, sijui. Labda bakteria wangu wamezungumza na wake. Kesho nanunua mafurushi mawili.