Mwelekeo Sahihi wa Mtaa wa Mbaoni

Wakazi wote wa Mtaa wa Mbaoni, Keko, walitangaziwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji kwamba kura zao hazijatulia, na kwamba uongozi wa mtaa umedhamiria kuzituliza kabla ya uchaguzi wa Novemba.

Uchunguzi ulikuwa umebaini mambo mazito. Uchaguzi uliopita, mafundi seremala wa barabarani walimchagua mwenyekiti wa mtaa kutoka chama hiki, na papo hapo wakachagua wajumbe wa chama kile. Uliotangulia, nyumba za nyuma ya msikiti ziliangukia upande mmoja, na nyumba za nyuma ya kanisa zikaangukia upande huohuo. Mwenyekiti Gozbert aliona kwamba mtaa unaoamua upya kila mara hauwezi kupangiwa maendeleo. Akaunda Kitengo cha Uratibu wa Mielekeo ya Wananchi, na kumwajiri Theonest kwa mkataba wa miezi mitatu.

Theonest alikuwa na shahada ya takwimu na miaka minne ya kukaa bila kazi, kwa hiyo alikipenda kitengo kabla hajakielewa. Alipewa faili na fomu yenye visanduku viwili: Mwelekeo Sahihi, na Mengineyo.

Alianzia kwa Ismail, fundi wa makochi, aliyeuliza sahihi ndiyo upi. Theonest akamweleza kuwa ni ule unaomwelekea Mwenyekiti.

"Basi weka hapohapo, braza," alisema Ismail. "Nani anataka kuitwa mengineyo?"

Theonest alipofunga faili, Ismail aliendelea kupiga msasa, akasema kama anayezungumzia hali ya hewa kwamba bomba la mtaa halijatoa maji tangu Pasaka, na kwamba kura yake ni ya Mwalimu Bupe, mwalimu mstaafu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani hana maji.

Ikawa hivyo kila alikokwenda. Faili likiwa wazi, watu walikuwa sahihi. Likifungwa, walitoa stuli, wakamkaribisha chai, wakamwambia ukweli.

Aliyemsumbua ni Bi Talha, muuza vitumbua. Theonest alimwamkia shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akamwagiza aandike kuwa hamtaki Gozbert. Theonest akafafanua kwa upole kwamba fomu haina nafasi ya kutotaka.

"Itengeneze," alisema Bi Talha, akigeuza kitumbua. "Mie nina muda."

Ripoti ikatoka: asilimia tisini na nane wana Mwelekeo Sahihi. Mengineyo walikuwa kumi na wanne, Bi Talha akiwa wa kwanza. Theonest hakuwa na amani. Alijikaza, akaingia ofisini kwa Mwenyekiti na kumweleza yote aliyoyasikia kwenye zile stuli.

Gozbert alimsikiliza hadi mwisho. "Walisema hayo kabla au baada ya kufunga faili?"

"Baada, Mheshimiwa."

"Basi hawajasema."

Wiki hiyohiyo bajaji ikapita tena. Kwa kuwa kura za Mwelekeo Sahihi zimekwisha kufahamika, ilitangaza, wenye kura hizo wanaelekezwa kupumzika nyumbani siku ya uchaguzi ili kupunguza msongamano. Foleni iachwe kwa Mengineyo. Theonest ndiye aliyeuandika waraka wa tangazo hilo. Alijaribu kusema kwamba kura iliyojulikana bado haijapigwa, akakumbushwa kwamba mkataba wake unaisha Jumamosi. Akauchapa.

Sasa, Mwenyekiti alikuwa na watu wake wa kweli, tena wengi. Aliwahi kuwazikia ndugu na kuwahangaikia watoto wao shule, nao walimpenda kwa kumtii. Siku ya uchaguzi wakapumzika. Wengine walifua, wengine wakapeleka watoto Mbezi Beach kuogelea.

Foleni ilianza mapema na haikupungua. Ismail alikuwamo, vumbi la mbao kichwani, na mbele yake Bi Talha. Theonest, naye mkazi wa mtaa, alikuwa wa tatu kwenye orodha ya wanaopaswa kupumzika. Alisimama pembeni na kalamu yake kwa saa nzima, kisha akajipanga nyuma ya watu. Bi Talha akageuka, akauliza kama amekuja kukagua.

"Hapana, bibi," alisema Theonest. "Nimekuja kupiga kura." Mabega yake yakawa mepesi, hata akashangaa.

Mwalimu Bupe alipata kura mia sita kumi na mbili. Gozbert alipata kumi na moja.

Theonest aliitwa nyumbani kwa Mwenyekiti, ambako pilau ya ushindi ilikuwa imeiva tangu mchana. Gozbert alikuwa mtulivu. Zile mia sita na kitu hazikumshangaza, alisema. Hao ni Mengineyo, na kwa watu kumi na wanne wamejitahidi sana. Kilichomuuma ni zile nyingine.

"Nilielekeza watu wangu wapumzike," alisema. "Kumi na moja wamekaidi. Nataka majina."

Theonest alisema hayajui. Marietha, mke wa Gozbert, aliyekuwa akipakua, akauweka upawa chini.

"Andika, Theonest. Anza na mie," alisema. "Na huyu mume wangu usimwandike. Yeye alipumzika."