Mashine ya Chupa na Usingizi wa Kibonge

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata dawa! Sheria mpya ya chupa imeanza. Ukinunua soda unaacha amana ya chupa, ukiirudisha tupu, mashine ya dukani inakurudishia. Nikambeba Kibonge mgongoni, nikaenda. Mashine ikatafuna ya kwanza, krrr. Ya pili. Kimya. Kalala! Mwanangu huyu huyu, ambaye tangu azaliwe anakesha kama mlinzi. Wifi anasema kilichomlaza ni mgongo. Wifi kalea watatu, sasa anajiona daktari.

Jumanne, 4 Machi
Chupa zimeisha. Nikakimbilia kwa fundi cherehani, ana pipa zima. Akasema pole, mama Kibonge, wifi yako katoka nazo sasa hivi. Wifi anataka hela tu. Mimi nataka usingizi.

Jumatano, 5 Machi
Nimenunua soda. Nyingi. Baba Kibonge kanywa mpaka kacheua akiongea na bosi wake kwenye simu. Akaniuliza kwa upole: yaani tunanunua, tunakunywa, tunarudisha, ili mtoto alale? Nikamwambia mume wangu mpenzi, malizia hiyo ya machungwa. Dukani Kibonge kalala fofofo. Nami nikasinzia nimesimama, paji la uso kwenye mashine. Raha!

Alhamisi, 6 Machi
Mume kagoma. Nikachukua chupa ya mafuta ya kupikia, nikaibandika lebo ya soda kwa uji wa mtoto. Uji unashika kuliko gundi! Mashine ikameza, ikakohoa, ikazima. Foleni nzima ikanigeukia. Mwenye duka akachomoa lebo, akanusa kidole, akauliza nani katia uji humu. Nikamgeuzia mgongo aone mtoto amelala, asipaze sauti.

Ijumaa, 7 Machi
Nikambeba Kibonge kwenda kuomba radhi. Fundi mitambo alikuwa kaingiza kichwa ndani ya mashine, anagonga nyundo. Sijamaliza kusema samahani, mtoto kalala. Mwenye duka akanihurumia, akanipa kiti. Nami nikalala! Kuamka, wifi kanifuata, Kibonge yuko mgongoni kwake, bado anakoroma. Wifi akaniambia taratibu:

"Wifi yangu, mashine imekufa tangu jana. Mtoto analala kwa sababu kabebwa."

Nikalifikiria njia nzima. Nimekubali, hapo wifi kasema kweli. Siyo mashine.

Ni nyundo. Namba ya fundi ninayo.