Mayai ya Muasya na Kerneli Katili

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo mzee Gachau, mwenye duka letu la kompyuta hapa Makongeni, ametangaza kuwa anafungua tawi Ruiru. Msimamizi atakuwa Nzilani, fundi mwenzangu, au mimi. Hilo "au" limenishangaza sana.

Mtihani wenyewe uko Ngoliba, kwa mzee Muasya. Aliacha kazi ya kulinda geti ili aangue vifaranga. Ana kompyuta kuukuu inayopima joto la mashine ya mayai na kuwasha hita. Shida ni kwamba programu ya joto inakufa kila mara. Memori imeoza, na nyingine ya aina hiyo haifiki hadi wiki ijayo. Mayai yanaanguliwa Jumamosi. Gachau amesema atakayeyafikisha hapo salama ndiye wa Ruiru.

Nimeanza kufikiria rangi ya bango.

Jumanne, 4 Machi
Ngoliba. Jua, vumbi, na Nzilani mbele yangu akitembea kama aliyezaliwa huko. Kumbe alizaliwa huko.

Nimempata muuaji! Ni kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaosimamia kila kitu ndani ya kompyuta. Imeandika yenyewe bila aibu: nimeona sehemu ya memori imeharibika, nimeifungia, na programu iliyokuwa ikiitumia nimeiua. Mchana kweupe!

Nzilani ameitetea. Eti namba iliyosomwa kwenye memori mbovu haiaminiki, na afadhali programu ife kuliko izunguke na uongo. Kinachokosekana ni mlinzi tu, programu ndogo ya kuifufua ile nyingine upya, kwenye sehemu nzima ya memori. Nikamuuliza kama hata mgonjwa yeye humpeleka hospitali akauawe aletewe mwingine. Akasema, "Njau, programu si mtu. Na wewe si daktari."

Kwa sasa mlinzi ni Wavinya, mke wa Muasya. Programu ikifa king'ora kinalia, naye anakimbia kuiwasha kwa mkono. Amechoka hadi alinisalimia mara mbili, akisahau ile ya kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Nimemaliza kazi! Nzilani akiwa bado anaandika huyo mlinzi wake dukani, mimi nilirudi Ngoliba peke yangu nikabadilisha mpangilio mmoja tu. Nimeiambia kerneli: ukiona memori mbovu usiue, usisimame, meza mate uendelee. Ikatii.

Kimya. King'ora hakikulia hata kidogo. Muasya alinipa muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, akaniita mwanangu. Wavinya alilala kwenye kiti, mdomo wazi, kuku wakimpita miguuni. Nilimwangalia nikajisikia vizuri kwa namna ambayo haikuhusu Ruiru. Halafu nikakumbuka Ruiru, nikajisikia vizuri zaidi.

Nzilani aliuliza nimefanyaje. Nikamjibu kwamba wengine tunajua kuongea na mashine.

Alhamisi, 6 Machi
Haiya.

Muasya alipiga simu asubuhi. Nilipokea nikidhani ni shukrani.

Skrini ilisema joto ni digrii tano. Ngoliba! Tano! Kompyuta ikaamini, ikaacha hita iwake bila kupumzika. King'ora hakikulia, kwa sababu hakuna aliyekufa. Wavinya alipita mlangoni akasikia joto kama la jiko la chapati, akachomoa waya na kufungua milango yote.

Nzilani alinieleza njiani. Tano ile ilikuwa thelathini na saba. Ndani ya memori namba ni mstari wa moja na sufuri, na moja iliyo mwanzoni kabisa ilikuwa imegeuka sufuri. Kerneli iliona. Ilitaka kuzuia. Mimi ndiye niliyeifunga mdomo.

Muasya hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alishika yai kiganjani, akaniuliza polepole, "Sasa huyu, yuko hai ama amekufa?"

Mimi Njau, nikaenda kutafuta tochi.

Nzilani akairudishia kerneli nguvu zake zote, akamweka mlinzi wake. Mimi nilishika tochi. Vizuri, nadhani.

Ijumaa, 7 Machi
Tulikuwa tunakunywa chai kwa Muasya programu ilipokufa. Niliona kwenye skrini. Kabla mzee hajaweka kikombe chini ilikuwa imefufuka, inasoma thelathini na saba. Hakuna mwingine aliyegundua.

Jambo hili limenikaa. Kitu kinakufa kidogo, haraka, mahali pake, na ndiyo maana nyumba nzima inaendelea. Kinachotisha ni kile kinachoendelea tu huku kimeoza. Nilitaka kumwambia Nzilani. Lakini angejua nimekubali, nikamwomba anipitishie sukari.

Jumamosi, 8 Machi
Wametoka! Si wote. Trei ya juu, iliyokuwa karibu na hita, ilibaki kimya kabisa. Muasya aliibeba nje mwenyewe, akakataa nisaidie. Zilizobaki zilijaa kelele hadi Wavinya akacheka huku akijifuta macho na leso.

Ruiru amepewa Nzilani. Gachau alisema alinifikiria. Hakusema alifikiria nini.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari sana. Ruiru ni mbali na kuna foleni. Nimechagua kubaki. Na nimejifunza: mashine ikisema kuna shida, isikilizwe. Nimemwambia hivyo mteja mmoja leo, kwa sauti nzito, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Ila ile betri ya akiba ya duka, inayobeba kompyuta umeme ukipotea, imekuwa ikipiga mlio tangu tufungue. Pii, pii, pii. Mtu hawezi kutafakari hivi. Nimeifungua kwa bisibisi, nikaona kaspika kadogo hapo kando, kameshikwa na waya mbili tu.

Sasa ni kimya, na kompyuta zote za wateja zinaendelea vizuri.